Wingi wa "praesidium", na kwa nini tunasali "tuum"?

Katibu_Majengo, Moshi
Tumsifu Yesu Kristo. Ni katibu wa praesidium, yaani kikundi kimoja, ya Legio Maria, chama chetu cha Wakatoliki, mwaka wa tatu sasa. Jumapili taarifa yangu imerudishwa kutoka kuria, uongozi ulio juu yetu, kwa sababu ya "mapraesidia sita": kalamu nyekundu mara nne, maelezo hakuna. Imeniuma, daftari lile nalitunza. Wingi wake hasa ni upi? Tena kijana wa kwaya anasema "Sub tuum praesidium" ("chini ya ulinzi wako"), sala ya Kilatini kwa Mama Maria, ni kosa, eti baada ya "sub" iwe "tuo praesidio". Hilo ndilo linaninyima usingizi, maana ni sala.

MwalimuNjiro, Arusha
Milele na milele, amina. Katibu, sala yako ni salama. Nilifundisha Kilatini seminari ndogo miaka mingi.

"Sub" ina njia mbili. Sisi husema "amekaa chini ya mgomba" na "amekimbilia chini ya mgomba". Mgomba ni uleule, kitenzi ndicho kinachotofautisha. Mlatini hugeuza mgomba wenyewe. Aliyetulia yuko "sub praesidio". Anayeelekea huko anakwenda "sub praesidium", na "tuum" inaifuata kwa upatanisho. Sala inaendelea "confugimus", tunakimbilia: mvua imeshashuka, mtu yuko mbioni, barazani hajafika.

Kijana amechanganywa na kitu kimoja. Neno hili si la kiume wala la kike, na maneno ya namna hiyo yana sura ileile, liwe linatenda au linatendwa.

Wingi ni praesidia. Ukiongeza "ma-" umeweka wingi juu ya wingi.

MamaKibosho
Mwalimu, ulinzi una wingi kweli? Ulinzi wa Mama Maria utakuwaje sita?

MwalimuNjiro, Arusha
Umeuliza vema, mama. "Prae" ni mbele, "sedere" ni kuketi: anayeketi mbele yako kukukinga. Kwa askari wa Kirumi likawa pia jina la kikosi kinachoachwa kulinda mji au kambi. Ulinzi hauhesabiki, vikosi vinahesabika. Legio ilianza Dublin mwaka 1921, na baadaye ikachukua maneno ya jeshi hilo, na "legio" yenyewe ni mojawapo.

Katibu_Majengo, Moshi
Asante sana, Mwalimu. Nimeandika upya: "praesidia zetu sita". Jioni nikaisali kwa Kiswahili, "Tunaukimbilia ulinzi wako", taratibu, nikaishia kwenye "-kimbilia". Miaka yote hiyo imo mdomoni mwangu.