Marblehead ya mbao ya zamani, One Metre mpya, au nimchongeshe fundi wa Nungwi?

Mtu_wa_Kikwajuni
Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba ushauri wa haraka, muuzaji anasafiri wiki ijayo. Kuna mzee wa Kiingereza aliyeishi hapa miaka mingi, sasa anarudi kwao, anauza yoti ya mfano ya mashindano. Ni Marblehead ya zamani, ya mbao. Anataka milioni moja na nusu. Nikiongeza pesa naweza kuagiza One Metre, yoti ndogo ya rimoti, ya fibaglasi kutoka nje. Jamaa yangu mmoja yeye ananambia nisihangaike na ya watu, niende Nungwi, kaskazini ya Unguja, nikachongeshe chombo cha kwetu. Ipi bora?

FundiTezo
Wa alaykum salaam. Yakhe, unauliza ipi bora na hujasema bora kwa kazi gani. Utaiendesha wapi? Ya rimoti au ya kuiachia iende yenyewe? Mkuku (uti wa chini wenye uzito wa risasi) unazama kiasi gani? Inakuja na seti ngapi za matanga? Mbao zimeshikwa na gundi au misumari, na kama misumari, ya shaba au ya chuma? Tuwekee picha za ndani. Nje hata chombo kibovu kinang'ara kikipigwa vanishi.

Kaskazi_na_Kusi
Kwa wasioijua, Marblehead ni daraja, yaani aina ya yoti yenye vipimo vya mashindano, lililoanzia mji wa jina hilo, Massachusetts, Marekani, miaka ya 1930. Urefu ni inchi 50, yaani sentimita 127, na matanga yasizidi inchi za mraba 800. Umbo la chombo mbunifu anajipangia, ndiyo maana zinatofautiana sana.

Zile za zamani hazikuwa na rimoti. Juu ya nyuma kuna bawa dogo linalosoma upepo, limeungwa na usukani. Upepo ukigeuka bawa nalo linageuka, usukani unafuata, chombo kinarudi kwenye njia uliyokipangia. Kabla ya bawa kulikuwa na mtambo wa George Braine, Mwingereza, ambao usukani unavutwa na demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, ya tanga kubwa. Mashindano yake ni ya vyombo viwili viwili ziwani, kila mmoja akutane na kila mmoja. Wenye vyombo wanatembea ukingoni na mti mkononi. Chombo kikija ukingoni unakigeuza na kukirudisha. Mkondo wa kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata pembe, ukishinda unapata pointi 3, wa kwenda na upepo pointi 2. Na ni haki, maana kwenda na upepo hata kumbi la nazi linafika.

Mie naipigia kura Marblehead, bila ya kusita. Rimoti inakufundisha vidole. Bawa linakufundisha upepo.

Mtu_wa_Kikwajuni
Shukran. Rimoti haina. Bawa lipo, limekwama kidogo. Picha za ndani sina, sitaha haifunguki ila kitundu kimoja. Mahali nimefikiria Jambiani, pwani ya mashariki, kwenye maji yaliyo ndani ya mwamba wa bahari, au bwawa moja la shamba ambalo masika linajaa vizuri. Nataka vijana wa mtaani wajifunze, siyo mie peke yangu.

Bi_Mwani
Mwanangu, mie ni wa Jambiani, nikwambie mapema. Hapo unapopaita ndani ya mwamba pana mashamba yetu. Mwani unalimwa upande huu tangu 1989, na kila shamba lina vigingi na kamba zimevutwa kwa mistari. Maji yakijaa kamba huzioni. Chombo chenye mkuku mrefu kikipita hapo kitanasa, na wewe utaingia kukinasua, utakanyaga mche wa mtu. Mtu amesimama kiunoni majini tangu asubuhi kufunga vile vishada kimoja kimoja, halafu kijana anakuja mbio kukimbiza yoti. Hatukatai michezo. Njoo kwanza, uliza, utaoneshwa mkondo usio na kamba. Upo.

Mtu_wa_Kikwajuni
Nimekuelewa, bibi. Nitakuja kuuliza kabla ya jambo lolote, inshallah.

Mhudumu_Afya_Pemba
Na bwawa nalo usilikimbilie. Kichocho kipo Unguja na Pemba, na vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wanaoishi maji baridi yaliyotuama au yanayokwenda polepole. Havingoji ukate kidole, vinapita kwenye ngozi nzima. Chombo kisicho na rimoti kikisimama katikati ya bwawa, nani anakwenda kukichukua? Kijana wa miaka kumi na mbili. Baadaye anakojoa damu na hamwambii mtu kwa haya. Dawa ipo na inatibu, lakini akirudi majini anaambukizwa tena. Kama lazima bwawa, chukueni kidau cha kufuatia, mtu asitie mguu.

FundiTezo
Hili la kidau ni muhimu. Hata huko kwao wanaoendesha za bawa wana ukingo wa saruji uliojengwa kwa kazi hiyo. Bwawa la shamba lina matope na majani pembeni, chombo hakigeuziki.

Mpiga_Bisho_Chake
Ngoja niwasimulie, kwa sababu naona ndugu yetu anakaribia kulipa.

Mie nilinunua yoti ya mbao ya zamani kutoka kwa muuzaji wa Dar, simtaji. Inchi 36, zile za daraja dogo ambalo chombo lazima kiingie kwenye sanduku la vipimo maalumu. Nzuri, mashaallah, mbao nyembamba zimepangwa kwa ubavu, sitaha imechorwa mistari kwa wino. Nikamuuliza mambo matatu: imewahi kupasuka? Mkuku umeshikwa na nini? Ilikuwa imewekwa wapi? Akajibu haijapasuka, boliti za shaba, na imekaa ndani ya nyumba muda wote. Vichwa vya boliti nikavitazama, kweli shaba.

Nikaileta Pemba kwa meli, nimeipakata mwenyewe. Asubuhi ya kwanza tukaishusha ghuba ya Chake, maji yamejaa mpaka kwenye mikoko, upepo wa kiasi. Ilikwenda vizuri, wallahi, ikalala ubavu na kubisha safi. Halafu tukaona inazidi kulala na hairudi. Kumbe imeshaingia maji. Nyumba aliyoiweka ilikuwa ya kiyoyozi, mbao zilikauka zikaachana, yeye akaziba nyufa kwa lipu ya magari na kupaka rangi juu. Mbao zilipoonja maji zikavimba, lipu ikasukumwa nje vipande vipande. Nilipoivuta pwani nikatazama mkuku. Vichwa vya boliti vya shaba vimebandikwa tu juu. Chini yake chuma, kimeliwa na kutu mpaka kimebaki unene wa njiti. Nikaweka ncha ya kisu kwenye mbao ya pembeni yake, ikaingia bila ya kusukumwa, ikatoka na unga mweusi. Tukaishika kuitoa majini na risasi yote ikabaki mchangani.

Nilimpigia simu, akasema mauzo yameisha. Mpaka leo.

Kwa hiyo wewe wa Kikwajuni, boliti moja ifunguliwe mbele yako. Mwenye chombo kizima hatakataa. Akikataa, ondoka. Na kitundu cha sitaha ingiza simu yenye taa, piga picha chini kabisa pale mkuku unapokutana na mbao.

Kaskazi_na_Kusi
Pole sana kaka. Lakini hiyo ni kosa la muuzaji, siyo la vyombo vya mbao.

Mpiga_Bisho_Chake
Sijasema la mbao. Nimesema afungue boliti.

KijanaWaNungwi
Nyote mnazunguka. Ngalawa! Watoto wa pwani hii wanashindanisha ngalawa ndogo tangu babu zetu. Unachukua gogo la msufi, jepesi, unalichimba, unafunga mirengu (miti ya kukingama) na ndubi mbili (vielea vya pembeni), tanga la nailoni, basi. Haina mkuku wa risasi, inapita maji ya kifundoni, haigusi kamba za bibi. Unapanga demani, unapanga usukani, unaiachia, unakimbia nayo pwani. Ikikosea unajua kosa liko wapi, unasogeza foromali, mti unaobeba tanga, kidogo, unaiachia tena. Kwa milioni na nusu mtaa mzima una ngalawa.

FundiTezo
Ngalawa naiheshimu, nimechonga nyingi. Ila muulizaji anataka kujifunza kubisha. Tanga la ngalawa ukigeuza upande lazima foromali ihamishwe mbele ya mlingoti, na ile ndogo haina mtu wa kuihamisha. Kwa hiyo inakwenda upande mmoja mpaka uifuate. Yoti ina matanga mawili yanayojigeuza yenyewe.

KijanaWaNungwi
Ndiyo maana tunakimbia nayo! Mnasema chombo cha "zamani", mnamaanisha kilichotengenezwa Ulaya miaka themanini nyuma. Ngalawa ina umri kuliko hiyo na mafundi wake wako hai, unaweza kwenda kuwauliza. Fundi wa Nungwi hana mchoro, ana macho.

FundiTezo
Macho yanatosha kwa chombo anachokijua. Mpelekee mchoro wa Marblehead, atakutolea mashua yenye mlingoti mrefu. Nasema kwa mapenzi, ni mafundi wetu. Wape mfano wa kushika mkononi na wape muda.

Mtu_wa_Kikwajuni
Na One Metre hamjaisema.

Rimoti_Fumba
Mie ninayo. Daraja la 1988, urefu usizidi mita moja, uzito usipungue kilo 4, seti tatu za matanga kwa upepo tofauti. Faida: chombo kikienda vibaya unakigeuza ukiwa pwani. Hasara: maji ya chumvi yanakula sevo (mota ndogo za kuvuta usukani na matanga) na betri, kila siku nasuuza kwa maji baridi na kukausha. Na mkuku wake unaweza kushuka mpaka sentimita 42. Ndani ya mwamba, siku za bamvua maji yakitoka, hapakai. Nenda siku za maji mafu, maji hayapandi sana wala hayatoki sana, unapata muda mrefu wa kucheza. Kusi likivuma upande wa mashariki usitoke na seti kubwa ya matanga, utaitazama ikipiga mbizi ya pua.

Na bei uliyoiona ni ya chombo kitupu, nina hakika. Uliza kama ina matanga, rimoti, usafirishaji. Halafu ushuru.

Mtu_wa_Kikwajuni
Bei niliyoona kweli haijataja matanga.

Kaskazi_na_Kusi
Kama mkuku wa ile Marblehead una ufa, risasi inaweza kumwagwa upya. Mie najua pa kupata betri kuukuu.

Mhudumu_Afya_Pemba
Ndugu, tafadhali hapana. Risasi ya betri nyumbani usiiyeyushe. Moshi wake unaingia kwenye damu, na vumbi lake linabaki uani watoto wanapocheza. Ina madhara makubwa zaidi kwa wadogo, kwenye ubongo. Bora chubwi za wavuvi, vile vizito vya mishipi, ununue tayari, uzipange ndani ya umbo la mkuku na uzishike kwa epoksi. Hazihitaji moto.

Kaskazi_na_Kusi
Nimepokea. Sikuwahi kufikiria chubwi. Zitachukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito uleule lakini zinafaa.

Rimoti_Fumba
Kama matanga ya mzee yameoza, msikate nailoni ya dukani. Paje, jirani na Jambiani, watu wa kaiti (tiara kubwa za kuvutia mtu juu ya maji) wanatupa kaiti zilizochanika, na kitambaa chake chepesi hakivutiki wala hakinywi maji. Nimekata seti yangu ndogo kwa hicho.

KijanaWaNungwi
Kitambaa cha kaiti kinashonwa au kinabandikwa? Nataka kwa ngalawa.

Rimoti_Fumba
Mie nabandika kwa utepe wa gundi wa pande mbili, halafu napitisha cherehani mara moja kwenye kona tu. Ukishona pote sindano inatoboa mstari na tanga linachanika hapo hapo.

Bi_Mwani
Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna kijana ana magunia ya hizo kaiti. Anaziuza kwa kilo sasa, siyo bure kama zamani.

KijanaWaNungwi
Kilo bei gani, bibi? Na rangi nyekundu ipo?