Fundi wa kufuli nimekwama. Kazi ya kudumu hupatikana wapi hapa Nairobi?

Fundi_Komeo
Wanakijiji hamjambo. Mimi ni fundi wa kufuli na funguo, mwaka wa tisa sasa. Nilianzia kwa kibanda cha mjomba Kirinyaga Road, nikachonga mpaka vidole vikanuka shaba hata Jumapili. Mwaka juzi nikatoka, nikanunua mashine yangu ya kuchonga, ya mtumba, kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Sasa niko Ngara siku nzima kwa funguo mbili, tatu. Jana nilichonga mmoja tu wa shilingi mia, na mwenyewe akaomba nimpunguzie. Simu ya kufungua mlango huja mara moja kwa wiki, na nikifika nakuta jirani ameshauvunja kwa tindo.

Kodi ya kibanda, ushuru wa kanjo wa kaunti, deni la chama. Fundi wa kujitegemea hupataje wateja wa kudumu? Kuna mtu anataka kunipa kazi ya kila mwezi, sijui nikubali au nitafute njia nyingine. Matusi wekeni kando.

Shangazi_Donholm
Pole mwanangu. Omba Mungu, kisha toka kwa hicho kibanda, kazi haimfuati aliyeketi. Kaka yangu alikuwa fundi wa saa pale Tom Mboya. Simu za mkononi zilipoingia, watu wakaacha kuvaa saa, akakaa miaka miwili akiangalia barabara. Siku hizi anafuga nguruwe Kikuyu na amenenepa kuliko wao.

Bwana_Nati
Funguo za mia ni za jana. Ingia kwa magari. Yanayoshuka Mombasa kutoka Japani mengi huja na ufunguo mmoja, na kwa kuwa sheria hairuhusu gari lililozidi miaka 8, mengi yana chipu ndani ya ufunguo. Ukichonga chuma bila kuisajili chipu kwa kompyuta ya gari, mlango unafunguka lakini injini haiwaki. Hapo ndipo pesa iko. Zunguka yadi za kuuza magari za Ngong Road ukiacha namba. Mimi nilipoteza ufunguo wa Demio yangu mazishini Kakamega, gari likalala huko siku nne. Kuku walitaga chini yake na mashemeji wakapiga picha nalo kama lao.

Mpangaji_Sugu
Mke wangu amebadilisha kitasa cha chumba cha kulala. Unafungua na ya ndani?

Keyateka_Mstaafu
Nimekuwa keyateka, mwangalizi wa ploti za kupangisha, miaka 14, nisikilize. Mpangaji aliyefungiwa nje saa tano usiku haingii intaneti, anampigia keyateka. Na keyateka ana namba ya fundi mmoja tu. Kuwa huyo mmoja. Tembea ploti ishirini, bandika stika ndani ya kisanduku cha mita za stima. Usibandike kwa geti, fundi mwenzako ataing'oa kabla ya jioni. Keyateka akikuitia kazi, mwachie ya chai. Na uwe na cheti cha tabia njema: unaomba kwa eCitizen, tovuti ya serikali, shilingi 1,050, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Mtu anayekuachia mlango wake aone karatasi.

Sasa rudi pale ulipopita mbio. Huyo wa kazi ya kila mwezi ni nani?

Fundi_Komeo
Asante wazee. Magari nayatamani, ila kifaa cha kusoma chipu kinanishinda bei kwa sasa. Huyo mtu ni ajenti wa nyumba, ana ploti kadhaa Pipeline na Kayole. Kazi ni kubadilisha vitasa. 15,000 kwa mwezi, milango iwepo isiwepo.

Keyateka_Mstaafu
Vitasa vya nyumba tupu au zenye watu?

Fundi_Komeo
Inategemea.

Keyateka_Mstaafu
Inategemea nini, bwana?

Fundi_Komeo
Sawa. Ni za wenye deni la kodi. Ajenti ananipigia watu wakiwa wameenda kazini, natoa silinda, ule moyo wa kitasa wenye tundu la ufunguo, naweka nyingine, naondoka. Sigusi kitu cha mtu. Mwezi uliopita nilifanya mbili za kujaribu. Na kabla hamjarusha mawe: mtu akikaa miezi mitatu bila kulipa, yeye naye hamwonei mwenye nyumba? Nisipoenda mimi ataenda mwingine na nyundo. Mimi mlango nauacha mzima. Halafu nusu ya mwezi huu nimeshapokea, 7,500, imeingia chama.

Wakili_wa_Mtaa
Kumbe ulikuja kutafuta baraka, si ushauri. Mali ya mpangaji hukamatwa kwa ajili ya kodi chini ya Sura ya 293 ya sheria za Kenya, na mkamataji ni dalali mwenye leseni, si fundi mwenye bisibisi. Sheria ya kudhibiti kodi inamhusu mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nioneshe ya bei hiyo Pipeline leo. Waliobaki wote njia ni mahakama. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuingia kwa nguvu, na halijali kama una haki ya nyumba au huna. Siku makarao wa polisi wakija, ajenti hakujui. Una karatasi yake hata moja?

Fundi_Komeo
Tunaongea kwa simu tu.

Mpangaji_Sugu
Utani kando. Wakati wa korona nilirudi nikakuta kufuli la mkono mzima mlangoni mwangu. Deni lilikuwa la mwezi mmoja na nusu. Dawa ya pumu ya kijana wangu ilikuwa juu ya friji. Nilipanda mabega ya jirani nikaivuta kwa mti wa ufagio kupitia dirisha la jikoni. Fundi aliyelifunga alikuwa mtu mpole, waliniambia.

Ngumi_Mbili
Nyote mmeingizwa. Hii ni hekaya, stori ya jaba kabisa. Alianza na mtu "anataka" kunipa kazi, mara ameshafanya mbili, mara pesa imeliwa. Kibanda Ngara, milango Pipeline, nauli nani analipa? Wiki jana kulikuwa na uzi wa dereva wa lori la mnada, na koma zake zilikaa hivi hivi. Kama ni fundi kweli atuambie silinda ya mlango hutokaje.

Bwana_Nati
Hata mimi nilishaanza kushuku. Maji ya moto hayo, jibu.

Fundi_Komeo
Ukiwa na ufunguo: kuna skrubu moja ndefu ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Itoe. Ingiza ufunguo, ugeuze kidogo tu, mpaka kile kidole cha katikati kilale sawa na mwili wa silinda. Vuta. Usipokilaza haitoki hata ufunge ng'ombe. Bila ufunguo sitaandika hapa, wezi nao wanasoma.

Na ningekuwa natunga, hii ningeiacha. Nyumba ya pili, nilipofungua mlango kujaribu silinda mpya, kulikuwa na sare ya shule kwa kamba sebuleni. Ndogo. Ilikuwa inadondokea beseni, tone, tone, maana yake ilifuliwa asubuhi hiyo. Nikamuuliza ajenti mtoto atavaa nini kesho. Akaniambia nitume namba ya M-Pesa.

Shangazi_Donholm
Sisi sare ilikuwa moja, ikilowa unaenda nayo mbichi. Lakini mlango ulikuwa wazi. Rudisha hiyo pesa.

Keyateka_Mstaafu
Rudisha hata kwa mafungu. Nitakupa namba za makeyateka watatu wa Ngara na Pangani, wananiheshimu bado. Na nunua daftari. Kila mlango unaoufungua andika jina, namba ya kitambulisho, na jirani aliyeshuhudia. Hakuna shahidi, hakuna kazi.

Fundi_Komeo
Daftari nitanunua. Ya kurudisha pesa mnasema kama iko mfukoni. Ajenti amepiga sasa hivi. Jumamosi, milango minne. Nimeacha simu iite.

Ngumi_Mbili
Bado sijaamini. Lakini kitasa cha choo changu Umoja kimemfungia mtoto ndani mara mbili mwezi huu. Jumamosi saa tatu asubuhi unaweza?

Fundi_Komeo
Mkono unageuka bure au umekwama?

Ngumi_Mbili
Unageuka bure, juu na chini.

Fundi_Komeo
Springi imekatika. Mia tano, springi iko ndani ya hiyo. Nitumie ploti kwa inboksi, na usimwache mtoto aufunge mlango mpaka nifike.