Ushauri: mkataba unaisha maabara ya bakteria wa utumbo, nielekee wapi?

Binti_Agari:
Habari wakuu. Nina shahada ya kwanza ya maikrobiolojia, ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa bakteria wa utumbo wa watoto hapa Tanzania. Napokea sampuli za kinyesi, nazigawa na kuzihifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri, natoa DNA, naotesha bakteria kwenye chemba isiyo na oksijeni. Mkataba unaisha Juni na fedha za mradi zimekwisha. Nifikirie uzamili, bioinfomatiki (kuchambua data za DNA kwa kompyuta), au kazi ya hospitali na viwandani? Naomba hatua za kufuata.

Nyuzi37:
Dada, hospitali iondoe kwanza. Maabara ya tiba inataka usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na shahada ya maikrobiolojia si sawa na ya sayansi ya maabara za afya. Elekea kwenye ubora wa vyakula, maji na dawa: TBS (shirika la viwango), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), viwanda vya maziwa na vinywaji. Huko watakuuliza ISO 17025 (kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara), uhakiki wa mbinu na kumbukumbu za vifaa. Kwa hiyo kabla ya Juni omba ukabidhiwe daftari la joto la friza au uandishi wa taratibu za kazi. Kwenye CV usiandike "nimetoa DNA". Andika sampuli ngapi, mbinu ipi, sampuli gani za udhibiti (controls).

Msoma_DNA:
Mimi ningekuambia bioinfomatiki, ila usiache kazi ya mikono maabara. Wanaojua kuandika programu za kompyuta ni wengi. Anayejua kwa nini data imeharibika ni adimu. Anza hivi: pakua data ya wazi ya 16S (jeni inayotumika kutambua bakteria) kutoka ENA, hifadhi ya Ulaya ya data za DNA, uichakate kwa programu za QIIME 2 na DADA2, kisha uchore grafu kwa lugha ya R.

Utakwama pale pale wanapokwama wengi. Ukisahau kuondoa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), kichujio cha kimera (mifuatano bandia iliyoungana kimakosa) kitaondoa sehemu kubwa ya data yako halali. Eneo la V3-V4 la jeni ya 16S lina urefu wa besi (herufi za DNA) 460 hivi, kwa hiyo ukisoma 300 kila upande kisha ukakata hadi 220 na 220, pande mbili hazitakutana na karibu kila kitu kitapotea. Eneo la V4 halina shida hiyo, ni fupi.

Halafu sampuli tupu! Kila kundi la utoaji DNA liwe na mrija usio na kinyesi, upite hatua zote hadi kusomwa. Bila huo huwezi kutofautisha bakteria wa mtoto na waliotoka kwenye kemikali za kit ya kutolea DNA.

Binti_Agari:
Asante sana mkuu. Laptop yangu ina RAM ya GB 8, itatosha?

Msoma_DNA:
Kwa 16S ya sampuli chache, ndiyo. Itazidiwa kwenye kutambua majina ya bakteria kwa SILVA (hifadhidata ya mifuatano ya 16S): programu inakatika ghafla bila maelezo ya kueleweka. Tumia kazi moja kwa wakati na upunguze idadi ya mifuatano kwa kila fungu. Metajenomu nzima (DNA yote ya sampuli, si 16S pekee) usijaribu humo, omba seva ya chuo.

Mtafiti_Pwani:
Kwa masomo: Ulaya uzamivu kwa kawaida unadai uzamili kwanza. Marekani programu nyingi zinapokea mwenye shahada ya kwanza na kumlipa posho, ila ni miaka 5 au 6, na maombi mengi hufungwa Desemba. Ukisubiri mkataba uishe umeshachelewa mwaka mzima.

Kingine, zungumza na kiongozi wa mradi SASA kuhusu jina lako kwenye makala, na mkubaliane kwa barua pepe mchango upi unahesabika. Wengi huondoka kabla ya makala kuandikwa na majina yao hubaki kwenye shukrani. Usinakili sampuli wala data za watoto kwa kuondoka nazo. Kibali cha maadili ni cha mradi, si chako.

Nyuzi37:
Naongezea la chemba, usaili wa maabara za anaerobi hupenda kuuliza hili. Resazurini (rangi ya kuonyesha oksijeni) ikigeuka pinki, oksijeni imeingia. Angalia kwanza glavu na mlango wa kupitishia vitu, kisha kichocheo cha paladiamu, kinachounganisha oksijeni na haidrojeni kuwa maji: kinalowa maji na kuathiriwa na haidrojeni salfaidi ya bakteria wenyewe, hivyo hukaushwa kwenye oveni mara kwa mara. Na haidrojeni ikiisha kwenye mchanganyiko wa gesi, hata kichocheo kisicho na kasoro hakisaidii kitu.