Theresa May na Brexit: ungempa alama ngapi katika mia?

Mwanafunzi wa Kenya

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote. Ninaandika kutoka Lubumbashi, komini ya Kenya (wasomaji wa Nairobi watanisamehe, jina hili hatukuliazima kwao). Kikundi chetu cha mijadala kinaandaa jioni moja kuhusu viongozi waliokabidhiwa kazi ya kuitoa nchi yao katika jumuiya ya mataifa, nami nimepangiwa Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza tangu tarehe 13 Julai 2016 hadi tarehe 24 Julai 2019. Sharti ni kumpa alama katika mia, kama tunavyopewa sisi kwenye mtihani wa Serikali, kisha kuitetea alama hiyo mbele ya watu ambao wengi wao walizisikia habari hizi redioni tu.

Yasiyobishaniwa nimekwisha kuyakusanya. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni, asilimia 51.9 wakataka kutoka katika Umoja wa Ulaya (ndiko kutoka kunakoitwa Brexit), asilimia 48.1 wakataka kubaki. David Cameron, aliyeiitisha kura hiyo, akajiuzulu, na May, ambaye mwenyewe alikuwa upande wa kubaki, akarithi kiti chake. Mkataba na Ulaya aliupata Novemba 2018, lakini Bunge likaukataa mara tatu mwaka 2019: kwa tofauti ya kura 230 tarehe 15 Januari, kura 149 tarehe 12 Machi, na kura 58 tarehe 29 Machi, siku ileile ambayo nchi ilikuwa imepangiwa kuondoka. Tarehe 24 Mei akatangaza kujiuzulu nje ya mlango wa ofisi yake, na maneno ya mwisho aliyatamka huku sauti ikimkatika.

Kinachonisumbua ni kipimo. Nikimhukumu kwa matokeo, hapati hata kumi. Nikitazama mzigo aliotwishwa, sioni ni nani angeubeba akafika. Ninyi mngempa ngapi, na kwa kipimo gani?

Mama wa Ruashi

Mwanangu, mimi nampa ishirini, wala sihitaji karatasi nyingi kueleza. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe. Aliikuta serikali yenye wingi mdogo bungeni, na badala ya kuulinda wingi huo kama mtu anavyolinda mtaji wake, akaitisha uchaguzi ambao hakuna aliyemlazimisha kuuitisha. Uchaguzi ukafanyika tarehe 8 Juni 2017, naye akarudi na viti 317 katika viti 650, yaani bila wingi kabisa. Kuanzia hapo ikambidi aegemee wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini, na bilioni moja ya pauni ikaahidiwa kwa ajili ya eneo lao. Mfanyabiashara aliyecheza kamari na mtaji halafu akalalamika kwamba soko ni gumu, hapa kwetu hatumwonei huruma.

Wakala wa Kasumbalesa

Mama amesema kweli kuhusu uchaguzi, lakini naona jambo hilo lilizidisha ugonjwa uliokuwapo tayari. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu iko Kasumbalesa, mpakani mwa Congo na Zambia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumza zaidi juu ya mpaka, maana hesabu yote ya Theresa May ilikwamia hapo.

Tarehe 17 Januari 2017, katika hotuba aliyoitoa Lancaster House mjini London, alitangaza kwamba nchi yake itatoka katika soko la pamoja na haitabaki katika umoja wa forodha wa Ulaya. Wakati huohuo aliahidi kwamba kati ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya ufalme wake, na Jamhuri ya Ireland, ambayo inabaki Ulaya, hakutarudi mpaka wa vizuizi. Mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu ya kuingiza mzigo angemwambia kwamba mambo hayo hayakai nyumba moja. Nchi zilizo katika umoja wa forodha na soko la pamoja hazikaguani mipakani kwa sababu zote zinatoza ushuru uleule kwa mali inayotoka nje na kufuata viwango vilevile. Ukitoka humo, lazima pawepo mtu wa kuuliza: mali hii imetengenezwa wapi, imelipiwa ushuru gani, na je, inafuata viwango vyetu? Hata mkikubaliana kwamba ushuru uwe sifuri, bado cheti cha asili ya bidhaa kitadaiwa. Na mtu huyo anayeuliza anahitaji mahali pa kusimama.

Congo na Zambia zote ni wanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, zote ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na hatuna ugomvi. Njooni basi mtazame foleni ya makamyo. Niliwahi kuwa na mteja aliyeleta vigae vya sakafu, na karani wangu mwenyewe alikosea tarakimu moja tu ya lakiri ya kontena: aliandika 6 mahali pa 8. Dereva alilala usiku tatu chini ya lori lake, akisonga bukari kwenye mbabula katikati ya magurudumu, huku mimi nikikimbia kutoka dirisha hadi dirisha kutafuta mhuri wa marekebisho. Hiyo ni tarakimu moja, kwenye mpaka wenye barabara moja kubwa.

Sasa chukueni mpaka wa Ireland: urefu wake ni kilomita zipatazo 500, na barabara zinazoukatiza zinazidi 200, nyingine zikipita katikati ya mashamba ya watu. Tena ni mpaka uliolindwa na wanajeshi katika miaka ya vita ambavyo viliua watu wapatao 3,500, hadi yalipofikiwa makubaliano ya amani ya mwaka 1998. Kibanda cha forodha mahali kama hapo kingeonekana kama kambi ya jeshi.

Kwa hiyo njia zilikuwa tatu tu. Ya kwanza, Uingereza nzima ibaki chini ya kanuni za forodha za Ulaya. Ya pili, ukaguzi uhamishiwe baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza kuu. Ya tatu, vizuizi virudi. Desemba 2017 May alikuwa Brussels, yuko mezani na Jean-Claude Juncker, mkuu wa Tume ya Ulaya, akikaribia kukubali maneno yaliyoelekea njia ya pili, ndipo simu ya kiongozi wa DUP ikamrudisha nyuma. Kufikia Novemba 2018 alikuwa amerudi kwenye namna fulani ya njia ya kwanza, kwa kifungu cha tahadhari cha kuibakiza Uingereza nzima katika forodha ya pamoja na Ulaya mpaka ipatikane njia nyingine, kifungu ambacho Uingereza isingeweza kujitoa humo kwa uamuzi wake peke yake. Wenye msimamo mkali wa chama chake wakakiita mtego.

Kosa ninaloliona mimi ni la mpangilio. Alitangaza yale asiyoyataka kabla ya kupima yale yanayowezekana, halafu tarehe 29 Machi 2017 akaamilisha Ibara ya 50, ile ya mkataba wa Umoja wa Ulaya inayohusu nchi kujiondoa, ambayo inatoa miaka miwili tu, wakati mawaziri wake hawajakubaliana wanaelekea wapi. Kikao cha kukubaliana, kule Chequers, nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu, kilikuja Julai 2018, miezi kumi na mitano baadaye. Na siku chache baada ya kikao hicho David Davis, waziri wa Brexit, alijiuzulu, akifuatwa na Boris Johnson, waziri wa mambo ya nje. Lori lilikuwa limekwisha ondoka ghalani ndipo wakaanza kuandika karatasi za mzigo. Nampa arobaini na tano, na katika hizo nyingi ni kwa sababu mwishoni alikubali kwamba mpaka ni kitu halisi.

Mwalimu mstaafu, Kamalondo

Nimemsoma wakala kwa furaha, na sitarudia habari za forodha ambazo yeye anazijua kuliko mimi. Lakini kiongozi hupimwa pia kwa yale yaliyofuata baada yake, na hapo Theresa May anapanda kidogo. Boris Johnson, aliyerithi kiti chake, alipata mkataba wake Oktoba 2019, akashinda uchaguzi wa Desemba kwa viti 365, na nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Ufungueni mkataba huo: sura za fedha za kulipia ahadi za zamani, haki za raia wa Ulaya waishio Uingereza, na kipindi cha mpito hadi mwisho wa mwaka 2020, kwa sehemu kubwa ni zilezile alizozijadili May. Kilichobadilika hasa ni sura ya Ireland, ambamo Johnson alichukua njia ya pili ya wakala wetu, ile ya kukagulia baharini, ambayo May alikuwa ametamka bungeni kwamba hakuna waziri mkuu wa Uingereza awezaye kuikubali. Matatizo ya sura hiyo hayakwisha. Ilibidi Rishi Sunak, waziri mkuu wa baadaye, afanye makubaliano mengine na Ulaya huko Windsor, Februari 2023. Mtihani ulikuwa mgumu kwa kila aliyekaa kwenye dawati lile.

Tusilisahau Bunge lenyewe. Tarehe 27 Machi 2019 wabunge waliletewa njia nane wachague, na hata moja haikupata wingi. Siku tano baadaye pendekezo la kubaki katika umoja wa forodha lilianguka kwa kura 3. Darasa likikataa majibu yote, pamoja na lile lililo sahihi, mwalimu hawezi kuwa mkosaji wa pekee.

Ninapomkata alama nyingi ni mahali pengine. Mwanamke huyu alikabidhiwa nchi iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu, ambamo Scotland ilikuwa imetaka kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa asilimia 55.8. Naye akaongoza kana kwamba ile asilimia 48 imehama nchi. Alisubiri mpaka Aprili 2019, amekwisha kushindwa mara tatu, ndipo akamwita Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani wa chama cha Labour, wazungumze. Kufikia Mei mazungumzo yale yalikuwa yamekufa. Mwaliko huo ulipaswa kutoka Julai 2016, alipokuwa bado na heshima mpya ya kuutumia.

Niruhusuni neno moja la mzee. Nilikuwa mtoto wa shule hapahapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, Moïse Tshombe alipotangaza tarehe 11 Julai 1960 kwamba Katanga, jimbo letu, imejitenga na Congo. Silinganishi, kwa maana nchi si jumuiya, na yetu ilimwaga damu hadi ilipokwisha Januari 1963. Ninachokumbuka ni kwamba tangazo lilikuwa kazi ya jioni moja, na baada yake zikaja stempu mpya, noti mpya, na wazee wetu wa reli wakiulizana barazani mabehewa sasa ni ya nani. Nampa hamsini na tano.

Mama wa Ruashi

Papa Mwalimu, nakuheshimu, ila hamsini na tano ni kumpitisha darasa mtu aliyefukuzwa na chama chake. Mbona Mali, Burkina Faso na Niger walitangaza kutoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, Januari 2024, na mwaka mmoja baadaye wakawa nje? Hakuna aliyepigiwa kura tatu.

Wakala wa Kasumbalesa

Mama, hakuna aliyepigiwa kura kwa sababu waliotangaza ni wanajeshi, na wanajeshi hawaulizi bunge. Tazama pia walichobaki nacho: wamo bado katika umoja wa nchi zinazotumia faranga ya CFA, na siku walipotoka rasmi, tarehe 29 Januari 2025, ECOWAS iliziomba nchi zake ziendelee kuzipokea pasipoti za raia wa nchi hizo tatu. Walitoka kwa tangazo. Mengine yakaachwa mezani.

Na Theresa May hakufukuzwa mara ya kwanza, tuwe wakweli. Desemba 2018 wabunge wa chama chake walijaribu kumwondoa, akapata kura 200 dhidi ya 117.

Mwanafunzi wa Kenya

Ninawashukuru, wazazi wangu. Nimeamua kumpa arobaini na saba, ambayo kwenye mtihani wa Serikali ni kuanguka, lakini ni kuanguka kwa mtu aliyesoma. Nitakata kwa sababu mbili: mpangilio, kama alivyoeleza wakala, na ile asilimia 48, kama alivyoeleza Papa Mwalimu. Uchaguzi wa 2017 nitauweka wa tatu, Mama asinikasirikie.

Bado naogopa swali moja kutoka kwa wasikilizaji. Wakiniuliza kama angeweza kuichelewesha Ibara ya 50, nijibu nini? Nasoma kwamba Ulaya ilikataa kujadiliana lolote kabla ya barua ya kuondoka kufika.

Wakala wa Kasumbalesa

Ni kweli Ulaya ilikataa, na hiyo ni hoja nzuri ya kumtetea. Lakini haikumkataza kuzungumza na mawaziri wake, wala na wabunge wa upande wa pili. Tarehe ya mwisho wa Machi 2017 aliiahidi yeye mwenyewe kwenye mkutano wa chama chake Oktoba 2016, na hakuna aliyekuwa amemwekea saa hiyo mkononi.

Kuhusu umoja wa forodha, usijaribu kuwaeleza kwa maneno matupu. Njoo Kasumbalesa siku moja kabla ya jioni yenu, ufike kabla ya saa mbili asubuhi madirisha hayajajaa. Nitakupa faili moja ya mzigo ambao umekwisha kutoka, uhesabu mwenyewe mihuri iliyomo, kisha uende nayo ukawaonyeshe.