Tupeane uzoefu: kampuni kumpokea mwanafunzi wa uzamili wa TEHAMA, Arusha na Moshi

Mkazi wa Njiro: Wakuu, habari za jioni. Ofisini imeingia barua ya utambulisho, chuo kinaomba tumpokee binti wa shahada ya uzamili ya TEHAMA kwa miezi kadhaa. Sisi ni watu wachache, tunatengeneza mifumo ya mauzo kwa maduka na hosteli. Vijana wa fildi, yaani mafunzo kazini, wa diploma na digrii ya kwanza tumewazoea. Huyu ni mtu mzima, ana digrii tayari, na amewahi kuajiriwa. Mliowahi kupokea watu wa aina hii, na ninyi mliopokelewa, ilikuwaje? Sitaki aje apotezewe muda.

Fundi Swichi: Mpe meza na kiti kwanza. Kuna ofisi mwanafunzi anakaa mapokezi wiki nzima.

Wa Tengeru Juu: Umenikumbusha mbali. Nimesoma chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru. Kwa asiyejua, pale hakuna digrii ya kwanza, ni uzamili na uzamivu tu. Ipo programu ya mitambo midogo yenye kompyuta ndani na programu za simu, unasoma na Wakenya, Waganda, Warundi, na kukaa kampuni ni sehemu ya masomo yenyewe. Unatakiwa utoke na tatizo la kampuni ulilolifanyia kazi, uliandikie ripoti, uitetee mbele ya jopo. Kampuni isipoelewa hilo inakutuma kubadilisha wino wa printa, na jopo halitakuuliza habari za wino. Mkuu wa Njiro, kabla binti hajafika, mpigie msimamizi wake wa chuo muulize anatakiwa atoke na nini.

Mama Stoo Moshi: Mimi si mtu wa kompyuta, nasimamia ghala la kahawa. Tuliletewa kijana wa uzamili, tayari ana mada yake kichwani kutoka chuo, mambo makubwa makubwa. Bosi akamwambia, baba, mada yako iweke pembeni kwanza, zunguka na huyu mama. Akazunguka na mimi. Akaona navyohangaika na unyevu: kahawa iliyomenywa na kukaushwa, kabla ya kukobolewa, inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 11 hivi. Masika ghala likipata ubaridi inavuta maji, inaota ukungu, bei kwisha. Mimi nilikuwa napima gunia moja moja kwa kile kipimo cha mkono. Akatengeneza visanduku vyenye sensa, yaani vipimaji, vya joto na unyevu wa hewa, akavitundika kila pembe, ujumbe unakuja kwenye simu yangu pembe fulani ikianza kubadilika. Cha kwanza kilikuwa kinalia hovyo kwa sababu kilikaa karibu na mlango. Nilimwambia mimi, akakihamisha. Mpaka leo vinafanya kazi, na alipoitetea ripoti yake aliniomba niwepo. Nilikwenda na kanga yangu mpya.

Fundi Swichi: Hongera mama. Hiyo ndiyo fildi.

Mangi wa Himo: Safi, lakini hizo sensa hata kijana wa chuo cha ufundi anatundika. Mnawatukuza hawa wa uzamili. Nilimpa mmoja kazi ya kufunga kamera akaniuliza maswali wiki nzima.

Wa Tengeru Juu: Mangi, kamera ni kazi ya fundi, ungeita fundi. Huyu wa uzamili mpe swali ambalo ofisini kwako hamna jibu lake.

Mangi wa Himo: Swali ambalo sina jibu ni lini wateja wangu watalipa madeni.

Wa Tengeru Juu: Hilo ni swali la kweli kabisa! Mpe daftari za miaka yote achambue nani analipa lini.

Chalii wa Sakina: Ngoja niseme yangu, sijawahi kuandika popote. Nilipelekwa kampuni moja ya utalii, jina silitaji. Mtu wao wa kompyuta alikuwa ameacha kazi, kwa hiyo siku ya kwanza meneja akanikabidhi nenosiri kuu la mfumo wa kuhifadhi nafasi za wageni. Mle ndani mna majina, ndege wanazokuja nazo, picha za pasipoti. Akasema wewe msomi, utajua. Hakuna wa kuniuliza wala wa kumuuliza. Nikakuta nakala rudufu zinahifadhiwa kwenye seva ileile, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo wenyewe. Nikaandika baruapepe kuomba diski ya nje, kimya. Nikaandika tena, meneja akajibu subiri msimu uishe.

Mwezi wa saba, wageni wamejaa, usiku umeme ukakatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo. Asubuhi seva haiwaki, diski imekufa na nakala zake humohumo. Madereva wako uwanja wa ndege wa KIA, wanapiga simu: tumpokee nani? Kambi za Serengeti zinauliza kesho wanaingia wangapi. Meneja akasimama katikati ya ofisi akasema huyu kijana amefuta makusudi, ametumwa na washindani. Wakaniitia polisi. Nilikaa kaunta mpaka jioni, simu yangu wameishika, mama yangu anapiga hapokelewi.

Walioniokoa ni wawili. Msimamizi wangu alikuja kutoka chuoni na baruapepe zangu amezichapa. Na dada mhasibu, yeye kila Ijumaa alikuwa anachapa orodha ya wageni wa wiki inayofuata kwa hesabu zake. Kwa karatasi zile wageni wakapokelewa. Yule dada ndiye alikuwa anaijua kazi ya ile ofisi kuliko wote, na hakuna aliyewahi kunikalisha naye.

Fundi Swichi: Daah. Pole sana chalii.

Mama Stoo Moshi: Pole mwanangu. Ulimaliza masomo?

Chalii wa Sakina: Nilimaliza mama, kampuni nyingine.

Mangi wa Himo: Pole, ila nenosiri kuu ulilipokea la nini? Ungekataa.

Wa Tengeru Juu: Akatae vipi na wao ndio wanaomjazia tathmini? Mangi leo umeamkia wapi?

Mwanasheria wa Kijenge: Kosa ni la kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Huwezi kumwachia mgeni pasipoti za wateja halafu umsingizie. Mkuu wa Njiro, andikeni mkataba mfupi: anaona taarifa zipi, msimamizi wake ofisini ni nani kwa jina, na programu atakayoiandika itakuwa ya nani. Mwanafunzi si mwajiriwa, msidhani ni yenu moja kwa moja.

Binti Usa River: Na nauli! Nilikuwa natoka Usa River mpaka mjini kila siku kwa hela yangu.

Mangi wa Himo: Anajifunza bure, na nauli tena?

Binti Usa River: Mfumo niliowaachia wanautumia bure pia, kaka.

Mkazi wa Njiro: Ahsanteni sana, na chalii pole mno. Msimamizi wa chuo nitampigia kesho, nauli tutatoa. Ofisini anayewajua wateja ni dada wa huduma, hana diploma ya kompyuta. Nimwandike yeye kuwa msimamizi, chuo kitakubali?

Wa Tengeru Juu: Andika wawili. Wewe usaini, dada amfundishe kazi.