Njia ya haki ya kuwashukuru washauri wanaojitolea ni ipi?

Mratibu, Kinondoni

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naratibu huduma ndogo ya ushauri mtandaoni ambako watu huuliza kuhusu upangaji wa nyumba, ajira na mirathi, na wanaowajibu wote wanajitolea: wasaidizi wa kisheria, wanafunzi wa sheria, walimu wastaafu na mawakili wachache. Hadi sasa kila mwisho wa mwezi tunamtangaza "Mshauri wa Mwezi", yaani aliyejibu maswali mengi kuliko wote. Majina yanayotajwa ni yaleyale mawili, na yameanza kuingia majibu ya mstari mmoja, ya aina ya "nenda serikali ya mtaa", ambayo ukiyasoma unajua yameandikwa ili yahesabiwe. Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka kutoa fedha za zawadi, na baadhi ya wenzangu wanapendekeza kila jibu lilipiwe kiasi kidogo. Naomba ushauri wenu kuhusu utaratibu ambao hautamwonea mtu wala kuyaharibu majibu yenyewe.

Mama Mhasibu, Temeke

Marahaba. Kabla ya kufika kwenye zawadi, tenganisha gharama na shukrani, kwa sababu hapa mjini tumezoea kuzichanganya. Bando analotumia mshauri kukusomea mkataba wa mpangaji ni gharama, na gharama hurudishwa bila makofi wala picha, kwa kiwango kimoja kwa kila aliye zamu, awe amejibu maswali mawili au ishirini. Fedha ya mfadhili ianzie hapo.

Malipo kwa kila jibu ni posho, na posho sote tunaijua: ikishazoeleka, siku isipokuwepo hata yule aliyekuwa akija bure huona amepunjwa. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilipima jambo hili nchini Israeli na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Wanafunzi waliokuwa wakikusanya michango ya hisani nyumba kwa nyumba waligawanywa makundi matatu. Walioahidiwa asilimia 1 ya makusanyo walikusanya kidogo kuliko wasioahidiwa chochote, na walioahidiwa asilimia 10 walifanya vizuri kuliko wale wa asilimia 1, lakini bado hawakuwafikia wenzao wa bure. Kiasi kidogo wanachokipendekeza wenzako ndiyo hiyo asilimia 1.

Mchambuzi, Sinza

Naunga mkono, ila nadhani kiini cha tatizo la Mratibu ni kuhesabu majibu. Chukua mfano wa ajira. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na akichelewa hulazimika kwanza kuomba aongezewe muda. Akiuliza swali lake siku ya ishirini na saba, jibu la maneno machache linalomwambia aende CMA kesho asubuhi akajaze fomu lina thamani kuliko kurasa tatu za vifungu zitakazomfikia wiki ijayo. Kwa upande mwingine, swali la mirathi lenye wake wawili na kiwanja kisicho na hati humtaka mshauri aulize, asubiri, aulize tena, pengine kwa majuma. Kwenye hesabu yako watu hawa wawili wana moja moja, na anayebandika "nenda serikali ya mtaa" mara kumi amewashinda wote.

Kura za wasomaji nazo zisikudanganye. Stack Overflow, mtandao wa maswali ya waandishi wa programu ulioanza mwaka 2008, humpa mjibuji pointi 10 kwa kila kura na 15 jibu lake likikubaliwa na muulizaji. Afadhali hapo muulizaji ana sauti. Lakini mada inayosomwa na wengi huvuna kura nyingi, na mirathi ya familia moja ya Kigamboni haitasomwa na wengi kamwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu beji za mtandao huohuo, yaani alama za heshima anazopewa mtumiaji akifikisha idadi fulani ya matendo, ulionyesha kwamba watu huongeza bidii wanapoikaribia beji, kisha wakishaipata bidii hiyo hupungua.

Kinachoelekea kufanya kazi ni shukrani ndogo, isiyotangazwa mapema, inayotaja tendo lenyewe. Wikipedia wana desturi ya kupeana nyota, yaani picha ya nyota yenye neno la shukrani inayowekwa kwenye ukurasa wa mhariri. Watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt waliwapa nyota wahariri waliochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa asilimia 1 ya wachangiaji hodari zaidi, na katika matokeo ya mwaka 2012 waliopewa walifanya kazi zaidi ya wasiopewa kwa takriban asilimia 60. Nyota yenyewe haina thamani ya fedha hata senti moja.

Msaidizi wa Kisheria, Mbagala

Mimi ni mmoja wa hao wanaojibu, ingawa si kwenu. Mchambuzi ameeleza vizuri, lakini wahariri wale walikwisha kuwa vinara, na sisi wa chini tuna haja nyingine. Kijana aliyemaliza chuo na anatafuta kazi Dar es Salaam hana shida na nyota. Anataka barua yenye mhuri inayosema alishughulikia maswali ya namna gani, kwa kipindi gani, chini ya usimamizi wa nani. Cheti kinachosema "ameshiriki" hakimsaidii, maana waajiri wanavyo vya kujaza kabati.

Tena uliza kabla ya kulitaja jina la mtu. Mshauri aliyemsaidia mwanamke kumdai mume wa zamani matunzo ya watoto huenda anaishi mtaa mmoja na huyo mume. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la adabu peke yake.

Mratibu, Kinondoni

Nashukuru sana. Bando na barua nimevielewa. Kinachonitatiza ni nani apime ubora, kwa sababu nikipima mimi nitaambiwa nina watu wangu.

Mchambuzi, Sinza

Usipime wewe. Chota majibu machache kila robo mwaka bila kuchagua, ondoa majina, uwape washauri watatu wanaobadilishana zamu, na asiwemo aliyejibu mada hiyo. Pamoja na hayo, muulize muulizaji, mwezi mmoja baada ya jibu, kama lilimfikisha popote. Wengi hawatajibu, lakini wachache watakaojibu watakutajia washauri ambao hukuwa ukiwaona.

Mama Mhasibu, Temeke

Na wale wawili wa kila mwezi, Mratibu, wapigie simu kabla hujatangaza utaratibu mpya. Hawajafanya kosa, walifuata kipimo ulichowawekea, na bila shaka katika wingi ule yamo majibu mazuri pia.