Mkrismasi umezidi uwanja, naupunguzaje bila kuuharibu?

Mama Tegeta: Wakuu, habarini. Mkrismasi wangu, ule mti wa maua mekundu, umetanuka mpaka matawi yanalalia bati la jirani, na upande wa barabarani yanakaribia nyaya za umeme. Fundi anasema tuukate kichwa chote, utachipua upya. Roho inasita, maana ukichanua Desemba mtaa mzima unapendeza. Nifanyeje?

Chuma Ulete: Dada, kata tu. Wangu niliukata kichwa, haukumaliza mwaka ukajaa majani.

Bustani Yetu: Majani ndiyo, lakini mkuu, hebu angalia yameota juu ya nini. Mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa mpigo, marefu, yameshikilia karibu na gome tu. Na mkrismasi kwa asili matawi yake hukatika kirahisi. Upepo ukivuma, hayo ndiyo yanayoshuka na bati.

Dada, subiri maua yaishe, ufanye kazi kabla ya masika. Lifuate tawi linaloenda kwa jirani mpaka linapogawanyika. Toa lile refu, acha dogo linaloelekea ndani. Tawi nene ni la msumeno, panga weka pembeni. Kwanza likate kidogo kutokea chini, mbali kidogo na shina, ndipo ulimalize kutokea juu, mbele ya hapo kuelekea nchani. Usipofanya hivyo, likianguka linachuna gome mpaka shinani. Kipande kinachobaki kikate karibu na shina, ila ule uvimbe wa pale tawi linapoanzia usiuguse: ndio unaofunika kidonda. Usipake rangi. Na msimu mmoja usipunguze zaidi ya robo ya matawi.

Mzee wa Miche: Upande wa nyaya asipande mtu, dada yangu. Wapigie Tanesco kwanza. Halafu tuambiane ukweli: huu mti wa Madagaska umeumbwa kutanuka kama mwavuli. Utaupunguza, hautakuwa mdogo. Aliye na uwanja finyu ndiyo kwanza anataka kupanda, apande mti mdogo kama msanapichi.

Mama Tegeta: Asanteni sana, fundi nimemrudisha. Je, mizizi iliyoinua vitofali vya uwanjani naweza kuikata?

Bustani Yetu: Ile minene ya karibu na shina, hapana, ndiyo inayousimamisha mti. Ng'oa vitofali vya hapo, uache udongo wazi.